Jeni Moja au Jeni Nyingi: Jenomu ya Ng'ombe wa Afrika na Magonjwa Mawili ya Malishoni

Kila inapotangazwa kwamba watafiti wamegundua jeni inayomwezesha ng'ombe kustahimili ugonjwa fulani, mfugaji anayeisikia habari hiyo ana haki ya kuuliza: kama jeni imepatikana, mbona ng'ombe wenyewe hawaonekani mnadani? Swali hilo halijibiki kwa neno moja, kwa sababu tangazo la aina hiyo laweza kuwa na maana mbili zilizo mbali sana. Kuna nyakati uwezo wa mnyama unategemea zaidi sehemu moja tu ya jenomu yake, yaani jumla ya maelekezo ya urithi yaliyomo katika DNA yake, na anayeijua sehemu hiyo anaweza kumpima ndama akiwa bado ananyonya na kutabiri mengi. Kuna nyakati nyingine uwezo huo umetawanyika katika sehemu nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na hapo hakuna kipimo kimoja kitakachomtenganisha mnyama imara na mnyama dhaifu. Magonjwa mawili ambayo wafugaji wa Afrika Mashariki wanayafahamu vizuri, ndigana kali na nagana, yamechunguzwa kwa miongo mingi, tena kwa sehemu kubwa jijini Nairobi, na kila moja limeangukia upande wake wa mgawanyo huo.

Jenomu yenyewe ina ukubwa unaotisha kidogo. Seli ya kawaida ya ng'ombe ina kromosomu 60, yaani jozi 30, nusu zikitoka kwa mama na nusu kwa baba. Nakala moja ya jenomu ina takribani herufi bilioni 2.7 za DNA, zinazoandikwa kwa A, C, G na T, na ndani yake mna jeni zisizopungua 22,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Ukiwalinganisha ng'ombe wawili utakuta wanatofautiana katika mamilioni ya herufi, na nyingi kati ya tofauti hizo hazimwongezei wala kumpunguzia mnyama kitu chochote. Kuzipata tofauti hizo si kazi ngumu tena, kwa kuwa mashine za kusoma DNA huzitoa kwa wingi kuliko mtu awezavyo kuzitazama. Kazi ni kujua zipi zinaambatana na kupona na zipi zinaambatana na kufa.

Ili kulijua hilo, mtafiti anahitaji DNA ya wanyama pamoja na kumbukumbu zao: nani aliugua, nani alipungua uzito, nani alipona bila dawa. Huchagua alama, yaani sehemu za jenomu ambazo inajulikana kuwa wanyama hutofautiana, akazisoma kwa kila mnyama kundini, kisha akaangalia kama wenye herufi fulani mahali fulani walifanya vizuri kuliko wenzao. Alama inayojitokeza si lazima iwe ndiyo chanzo. Kwa sababu kromosomu hurithiwa kwa vipande virefu, alama isiyofanya kazi yoyote inaweza kuonekana ya maana kwa sababu tu imerithiwa pamoja na jeni iliyo jirani yake. Hapa ndipo habari nyingi za magazetini zinapopotoka: huandikwa kwamba jeni imepatikana, ilhali kilichopatikana ni eneo la kromosomu lenye makumi au mamia ya jeni, na bado haijajulikana ni ipi kati yake inayohusika.

Nagana husababishwa na vimelea vya jamii ya tripanosoma, hasa Trypanosoma congolense, Trypanosoma vivax na Trypanosoma brucei, vinavyoenezwa na mbung'o. Vimelea hivi huishi katika damu na hubadilisha mara kwa mara protini zinazofunika miili yao, kiasi kwamba kinga ya ng'ombe ikishazitambua za kwanza, za pili zimekwisha kutokea. Hii ndiyo sababu mojawapo inayofanya ugonjwa huo ukose chanjo hadi leo. Ng'ombe aliyeambukizwa hupungukiwa damu, hukonda, hutupa mimba, na asipotibiwa mara nyingi hufa. Hata hivyo, huko Afrika Magharibi kuna ng'ombe mdogo asiye na nundu aitwaye N'Dama, mwenye asili ya nyanda za juu za Futa Djallon nchini Guinea, ambaye huishi katika maeneo ya mbung'o, huambukizwa kama wengine, lakini huendelea kula, kuzaa na kutembea. Boran, ng'ombe wa nundu wa Kenya na kusini mwa Ethiopia anayesifika kwa nyama, hana uwezo huo kwa kiwango hicho.

Katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, inayofahamika kwa kifupi ILRI, watafiti walizalisha N'Dama kwa Boran, kisha wakazalisha chotara hao wao kwa wao ili kupata kizazi cha pili ambacho ndani yake jeni za mababu zimechanganywa upya kwa kila ndama. Wanyama 177 wa kizazi hicho waliambukizwa, wakapimwa damu, uzito na idadi ya vimelea, na jenomu zao zikasomwa katika alama 477. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na kwa aliyekuwa akitarajia kuiona jeni ya N'Dama, hayakumpa alichokitaka. Sehemu zilizohusishwa na ustahimilivu zilitokea katika kromosomu 18 tofauti, na kila moja ilieleza kati ya asilimia 6 na asilimia 20 tu ya tofauti iliyoonekana katika sifa iliyopimwa. Kilichoshangaza zaidi ni kwamba katika sehemu tisa toleo lenye manufaa lilitoka kwa N'Dama kama ilivyotazamiwa, lakini katika sehemu tano lilitoka kwa Boran, yule aliyehesabiwa kuwa dhaifu.

Tokeo hilo la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa kwa kawaida. Lina maana kwamba N'Dama hana kila kitu na Boran hakosi kila kitu. Ng'ombe aliyekusanya matoleo mema ya pande zote mbili, angalau kwa hesabu, angekuwa imara kuliko wazazi wote wawili. Lakini kumpata mnyama wa namna hiyo kwa kuzalisha kwa kawaida, ukifuatilia sehemu kumi na kitu kwa wakati mmoja, kunahitaji kundi kubwa mno na vizazi vingi mno. Mwaka 2011 watafiti waliounganisha taarifa za aina kadhaa, zikiwemo zile za jeni zipi huwashwa na kuzimwa wakati wa maambukizi, waliyapunguza baadhi ya maeneo hayo na kutaja jeni mbili, ARHGAP15 na TICAM1, kuwa zenye dalili za kuhusika. Hata jeni hizo mbili zikithibitishwa kikamilifu, bado ni sehemu tu ya hesabu ndefu.

Sababu ya kutawanyika huko imo katika ugonjwa wenyewe. Kustahimili nagana ni mkusanyiko wa sifa zaidi ya moja, na jambo hilo lilidhihirika kwa jaribio la ustadi mkubwa. Viinitete vya N'Dama na vya Boran vilipandikizwa pamoja katika tumbo moja la uzazi, na kwa kuwa mapacha wa ng'ombe aghalabu hushiriki mzunguko mmoja wa damu kabla ya kuzaliwa, walipatikana N'Dama ambao seli zao zinazotengeneza damu zilikuwa kwa sehemu kubwa za Boran. Walipoambukizwa, wanyama hao waliweza kudhibiti idadi ya vimelea kama N'Dama wa kawaida, lakini walipungukiwa damu kama Boran. Kwa hiyo uwezo wa kulinda wingi wa damu umo katika seli za damu zenyewe, na uwezo wa kuvibana vimelea uko mahali pengine mwilini. Sifa mbili zenye njia mbili tofauti haziwezi kutegemea jeni moja.

Ndigana kali ni habari nyingine kabisa. Kimelea chake, Theileria parva, huenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni, Rhipicephalus appendiculatus, na huua ng'ombe zaidi ya milioni moja kila mwaka katika eneo letu la Afrika. Kupe anaponyonya, vimelea huingia ndani ya seli nyeupe za damu ziitwazo limfositi na kuzilazimisha zigawanyike bila kukoma. Kila seli inapogawanyika, kimelea nacho hugawanyika pamoja nayo, hivi kwamba kila seli mpya huzaliwa ikiwa imekwisha kuambukizwa. Tezi huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, na ng'ombe wa kigeni asiyetibiwa hufa ndani ya wiki chache. Kitaalamu ugonjwa huu unafanana sana na saratani ya damu, isipokuwa kwamba ukikiua kimelea, seli huacha ukaidi wake. Nyati, ambaye ndiye mwenyeji wa asili wa kimelea hiki, kwa kawaida hukibeba bila kuugua.

Kinga ipo, ni ile chanjo iliyotengenezwa Muguga nchini Kenya, ambayo kwa hakika ni kumwambukiza ng'ombe vimelea hai na papo hapo kumdunga oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki inayokaa mwilini kwa muda mrefu. Inafanya kazi, na wafugaji wa Kimaasai upande wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia sana, lakini inahitaji kuhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika hadi siku ya kuchanja, jambo ambalo si dogo kwa boma lililoko mbali na barabara.

Jenomu ya kimelea hiki ilichapishwa mwaka 2005, miaka minne kabla ya ile ya ng'ombe, kwa sababu ni fupi: herufi zisizozidi milioni 9 na jeni takribani 4,000. Upande wa ng'ombe, mlango ulifunguliwa na fahali mmoja wa Boran, aliyetambulika kwa namba tu, 3167, ambaye ilionekana kwamba watoto na wajukuu zake walikuwa wakinusurika kuliko ilivyotarajiwa walipokutana na kupe wenye ugonjwa. Ukoo wa namna hiyo ni hazina kwa mtafiti wa jeni, kwa sababu hurahisisha swali: ni kipande gani cha kromosomu ambacho walionusurika wanacho kwa pamoja na waliokufa hawana? Jibu lililochapishwa mwaka 2022 lilielekeza katika eneo la herufi milioni 6 kwenye kromosomu ya 15. Watafiti hawakuishia hapo. Walilijaribu eneo hilo kwa ng'ombe wengine wasio wa ukoo huo, wakakuta uhusiano uleule, na ndani ya eneo hilo wakaona badiliko la herufi moja, C kuwa T, katika jeni inayofanana na jeni nyingine iitwayo FAF1, ambayo kwa sababu hiyo waliiita FAF1B.

Takwimu zake zinasomeka hata na asiye mtaalamu. Kati ya ng'ombe 20 waliorithi T kutoka kwa baba na mama, alikufa mmoja. Kati ya ng'ombe 97 waliorithi C pande zote mbili, walikufa 44. Pengo kubwa kiasi hicho ni nadra katika utafiti wa mifugo, ambako kwa kawaida watu hushangilia sehemu ya jenomu inayoeleza asilimia chache tu. Pamoja na hayo, tahadhari inatakiwa. Ng'ombe 20 si wengi. Zaidi ya nusu ya wale wasio na T hawakufa, kwa hiyo badiliko hilo si njia pekee ya kunusurika. Na kadirio la kiasi gani ustahimilivu huo hurithiwa, ambalo lilikuwa 0.65, lilikuja na kosa la makadirio la 0.57, yaani kubwa karibu sawa na kadirio lenyewe. Kama utafiti ungesimama juu ya namba hiyo pekee, nisingeupa uzito. Kinachoupa nguvu ni kwamba tokeo lilijirudia kwa wanyama wasiohusiana kiukoo.

Badiliko lenyewe ni la aina inayokata maelekezo ya protini kabla hayajaisha, yaani, kwa lugha ya kawaida, jeni imeharibika. Ni ajabu kidogo kwamba uharibifu ndio unaookoa, lakini linaeleweka likitazamwa kutoka upande wa kimelea. Theileria parva huishi kwa kuitawala mitambo ya seli ya ng'ombe. Kama protini fulani ni mojawapo ya vitu inavyovitumia kuizuia seli isife au kuisukuma izidi kugawanyika, basi ng'ombe asiye na protini hiyo kamili amemnyima adui zana. Majaribio ya maabara yanaunga mkono mwelekeo huo, kwani seli zilizoambukizwa kutoka kwa ng'ombe wa ukoo unaostahimili hazikuendelea kuongezeka kwa kasi na kwa muda kama za ng'ombe wengine. Jeni ya FAF1, ile inayofanana na FAF1B, inajulikana kushiriki katika kuamua kufa kwa seli.

Hapa basi kuna kitu kinachoweza kupimwa kwa kipande cha nywele au tone la damu. Lakini hata jeni moja ina ratiba yake. Fahali mwenye T mbili akipanda majike wenye C mbili, ndama wote watakuwa na T moja na C moja. Mitamba hao wakipandwa na fahali mwingine mwenye T mbili, nusu tu ya ndama wao, kwa wastani, watakuwa na T mbili. Ng'ombe wa asili wa nundu mara nyingi huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka mitatu hadi minne, kwa hiyo kutoka fahali wa kwanza hadi kundi la ndama ambao wote wana T mbili kunapita miaka saba au minane, na hiyo ni kama fahali wanaohitajika wapo, wanatunzwa, na hawachaguliwi kwa kigezo hicho pekee hadi wakapoteza maziwa, nyama au uvumilivu wa ukame.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jambo lenye athari kubwa hivyo lilichelewa kuonekana. Sababu moja ni kumbukumbu za wanyama, na nitairudia. Sababu nyingine ni jenomu rejea. Mashine za kusoma DNA hazisomi kromosomu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mbinu iliyotumika zaidi hutoa vipande vifupi kwa mamilioni, na vipande hivyo hupangwa kwa kulinganishwa na jenomu moja iliyokwisha kukamilishwa. Ni sawa na fundi cherehani aliyeletewa vipande vya nguo iliyofumuliwa na kuonyeshwa nguo moja nzima ya mfano: kipande kisichofanana na sehemu yoyote ya mfano ule hukiweka kando, hata kama ndicho mfuko wa nguo aliyoletewa. Kwa ng'ombe, mfano huo ulikuwa jike mmoja wa aina ya Hereford aliyeitwa L1 Dominette 01449, aliyefugwa katika kituo cha utafiti cha jimbo la Montana, Marekani, ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 2009. Ilikuwa kazi kubwa ya wanasayansi zaidi ya 300 kutoka nchi 25, na hakuna sababu ya kuibeza. Ila Hereford ni ng'ombe wa asili ya Uingereza asiye na nundu, na Ulaya ina asilimia 8 tu ya ng'ombe wa dunia.

Mwaka 2022 kundi la watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Roslin ya Scotland lilikamilisha jenomu za N'Dama na Ankole, wakaziunganisha na taarifa za ng'ombe 294 wa aina mbalimbali katika jenomu rejea yenye matawi, ambamo mahali wanyama wanapotofautiana pana njia zaidi ya moja. Jenomu hiyo ilikuwa na herufi milioni 116.1 zisizokuwemo katika ile ya Hereford, sawa na asilimia 4.2. Si zote zina kazi, lakini zote zilikuwa zikiwekwa kando na kila utafiti uliotegemea mfano wa zamani. Kwa maoni yangu hili lina uzito kuliko ugunduzi wa jeni yoyote moja, maana linarekebisha vipimo vilivyotangulia na vitakavyofuata.

Ng'ombe wa Afrika wana sababu ya kutofautiana na Hereford. Ng'ombe wasio na nundu na ng'ombe wa nundu walifugwa na watu tofauti katika mahali tofauti, wa kwanza Mashariki ya Kati takribani miaka 10,000 iliyopita, wa pili katika bonde la mto Indus baadaye kidogo. Afrika ilipokea wote wawili. DNA ya mitokondria, inayorithiwa kwa mama peke yake, inaonyesha kwamba karibu ng'ombe wote wa asili barani, hata wenye nundu kubwa, wanatokana kwa upande wa majike na ng'ombe wasio na nundu. Kromosomu Y, ya upande wa madume, inaonyesha nundu ikitawala hasa mashariki mwa bara. Tafsiri yake ni kwamba damu ya nundu ilienea zaidi kupitia fahali, na kiwango chake kilicho juu katika Pembe ya Afrika na ukanda wa pwani ya mashariki kinaelekeza kwenye njia ya bahari. Utafiti wa mwaka 2020 uliosoma jenomu kamili za ng'ombe 172 wa asili ulikadiria kwamba mchanganyiko mkubwa ulitokea miaka 750 hadi 1,050 iliyopita. Muda huo husomwa katika urefu wa vipande: kila kizazi huvikatakata vipande vya asili moja na kuvichanganya na vya asili nyingine, kwa hiyo vikiwa vifupi, mchanganyiko ni wa zamani. Utafiti huohuo ulitaja maeneo 16 ya jenomu yenye dalili za kuchaguliwa na mazingira ya Afrika, yakiwemo yanayohusiana na joto na magonjwa.

Turudi kwenye sifa zinazotegemea jeni nyingi, ambazo ndizo nyingi zaidi, kuanzia maziwa hadi nagana. Mwaka 2001 wanasayansi watatu, Theo Meuwissen, Ben Hayes na Mike Goddard, walipendekeza kwamba si lazima kuzijua jeni zenyewe. Inatosha kusoma alama maelfu kwa maelfu zilizoenea katika jenomu yote, kuipa kila moja thamani yake ndogo kutokana na wanyama ambao uzalishaji wao unajulikana, kisha kujumlisha thamani hizo kwa ndama mpya. Marekani ilianza kuitumia rasmi kwa ng'ombe wa maziwa mwaka 2009, na tangu hapo dume la Holstein huchaguliwa likiwa ndama, bila kusubiri miaka kadhaa hadi mabinti zake wakamuliwe. Mbinu hii ina sharti moja gumu: thamani za alama zilizokadiriwa kwa Holstein wa Wisconsin hazimfai chotara wa Kilimanjaro, na ili kukadiria zinazomfaa sharti maziwa ya chotara wengi wa hapa yapimwe na kuandikwa.

Ndiyo maana mradi wa kuboresha ng'ombe wa maziwa wa ADGG (African Dairy Genetic Gains), ulioanza mwaka 2016 katika Tanzania na Ethiopia chini ya ILRI, ulitumia nguvu nyingi katika kukusanya taarifa za ng'ombe wa wafugaji wadogo kwa simu za mkononi, na DNA ikasaidia pale ambapo nasaba haikuandikwa: ndiyo inayosema chotara huyu ana sehemu gani ya damu ya kigeni. Kujua sehemu hiyo si jambo la kujifurahisha. Magharibi mwa Kenya, ndama 548 wa kienyeji walifuatiliwa tangu kuzaliwa hadi mwaka mmoja, na wale ambao jenomu zao zilionyesha kiasi kikubwa cha damu ya Ulaya waliugua mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Watu husema kinachokosekana Afrika ni maabara. Sikubaliani nao, sampuli ya DNA husafirishwa kwa bahasha, lakini hakuna bahasha itakayoleta kumbukumbu ya maziwa ambayo haikuandikwa.

Uteuzi wa aina hii, ukiunganishwa na uhimilishaji, una hatari yake, na mfano wake bora ni fahali wa Holstein aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa Marekani mwaka 1962. Mbegu zake zilisambazwa kiasi cha kupata mabinti 16,000, na inakadiriwa kwamba asilimia 14 ya jenomu ya Holstein wa Marekani inatoka kwake. Alikuwa na sifa kubwa za maziwa, na pia alikuwa na nakala moja iliyokatika ya jeni ya APAF1. Mwaka 2011 watafiti waliona kipande cha kromosomu ambacho wanyama wengi walikuwa na nakala yake moja, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa nacho mara mbili; waliokuwa nacho mara mbili walikufa tumboni. Mimba zilizopotea duniani kwa sababu hiyo zinakadiriwa kufikia 500,000. Inafaa kuliweka hilo karibu na FAF1B: katika jeni zote mbili maelekezo yamekatika kabla ya mwisho, na APAF1, kama ilivyo FAF1, inahusika na kufa kwa seli, lakini kukatika huko kwa upande mmoja kunaokoa ndama na kwa upande mwingine kunamuua. Kwa hiyo kabla ya kusambaza mbegu za fahali wenye T mbili kwa wingi, ni busara kuangalia uzazi wa mabinti zao na afya yao kwa ujumla, na kutumia fahali wengi wasio ndugu badala ya mmoja mashuhuri.

Kwa nagana, ambako kuzikusanya jeni kumi na kitu kumeonekana kuwa kazi ya vizazi, wapo waliofikiria kupita kando kabisa. Damu ya binadamu na ya nyani ina protini iitwayo APOL1 ambayo hutoboa tripanosoma na kuiua. Ndiyo maana vimelea vingi vya nagana havitudhuru. Vimelea vya malale vimejifunza kuikwepa ile ya binadamu, lakini mwaka 2009 ilionyeshwa katika panya kwamba ya nyani huua hata Trypanosoma brucei rhodesiense, kimelea cha malale cha Afrika Mashariki. Ng'ombe akipewa jeni hiyo moja, tatizo la jeni nyingi lingegeuzwa kuwa la jeni moja. Kabla ya kuiingiza, ilibidi kwanza kuthibitisha kwamba Boran anaweza kuzalishwa kutoka kwenye seli iliyokuzwa maabarani, na mwaka 2013 fahali wa kwanza wa namna hiyo alizaliwa ILRI akaitwa Tumaini. Tumaini mwenyewe hakuwa na jeni ya nyani. Yeye alikuwa jibu la hatua ya kwanza tu, kwamba njia inapitika. Hatua ya kumweka ng'ombe mwenye APOL1 mbele ya mbung'o, na ile ya vyombo vya usalama wa kibayolojia kuamua kama anaruhusiwa kutoka kituoni, ni hatua nyingine zenye masharti yake.